Shajara ya mradi: silinda ya matabaka matatu ya kuzuia sumaku

Mwanzoni mwa Januari

Mradi umepita leo. Kuna maabara ya chuo kikuu hapa Uingereza wanataka silinda ya kuweka mezani, ya kupimia sensa zao za sumaku kabla hawajazipeleka kwa wagonjwa. Ni zile sensa mpya zinazotumia mvuke wa rubidiamu na mwanga wa leza, hazihitaji heliamu ya kimiminika kama zile za zamani, mtu anavishwa kichwani anasomwa ubongo huku anageuza shingo kama kawaida. Kwa watoto wenye kifafa hii kitu inabadilisha maisha, mtoto wa miaka mitatu huwezi kumwambia atulie ndani ya mashine kubwa dakika arobaini. Mimi kwenye kiwanda chetu ndo mwanafizikia wa utafiti, kazi yangu ni kuhakikisha metali tunayoikunja (myumetali, mchanganyiko wa nikeli na chuma) inafanya kile hesabu inachosema.

Shida ya hizo sensa, ukiziwasha mezani hivihivi hazisomi chochote. Uga wa sumaku wa dunia hapa tulipo ni kama maikrotesla 49 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga; maikro ni sehemu ya milioni, nano ya bilioni, piko ndogo mara elfu kuliko nano, femto ndogo mara elfu kuliko piko). Moyo wa binadamu ukiupima kifuani unatoa pikotesla 50 mpaka 100 hivi, na ubongo ukisikia sauti unatoa kama femtotesla 100. Piga hesabu mwenyewe, dunia inauzidi ubongo mara milioni 500 karibu. Sensa zenyewe zinataka uga ushuke kwanza chini ya nanotesla 50 hivi ndo zianze kazi, na zikae vizuri zaidi ukishuka mpaka nanotesla moja au mbili. Sasa mteja anataka katikati ya silinda mabaki, yani uga unaobaki ndani, yasizidi nanotesla 2, na mitikisiko ya polepole ya nje ipunguzwe angalau mara elfu kadhaa kwenye pande zote, hata ule wa kwenye mhimili, yani unaoingia kwa urefu wa silinda kutoka mfuniko mpaka mfuniko. Hili la mhimili naliandika mapema kwa sababu najua ndo litakalotusumbua.

Kitu cha kukumbuka mwanzo kabisa, hamna metali inayozuia sumaku kama plastiki inavyozuia umeme. Tunachofanya ni kuipa mistari ya sumaku njia rahisi ya kupita, kama maji ya mvua yanavyochukuliwa na mfereji wa paa yakazungushwa pembeni ya nyumba, ndani kunabaki pakavu. Njia hiyo ikikatika sehemu moja tu, kunavuja.

Katikati ya Januari, hesabu

Bosi kauliza swali la maana kwenye kikao, kwanini tusitengeneze silinda moja nene tukamaliza, tunachomelea mara moja, tunaoka tanuruni mara moja, bei inashuka. Jibu lake ndo roho ya kazi yote so naliandika kwa kirefu.

Silinda ndefu iliyokatizwa na uga kwa ubavuni, kinga yake (uga wa nje unapunguzwa mara ngapi) unaipata kwa kuchukua upenyezaji, yani ule uwezo wa metali kubeba mistari ya sumaku, unazidisha kwa unene, unagawanya kwa kipenyo, unaongeza moja. Weka upenyezaji 30,000, unene milimita 3, kipenyo milimita 400. Unapata kama 226. Sasa chukua ile milimita 3 uigawe, milimita 1.5 kwenye silinda ya ndani yenye kipenyo 400 na milimita 1.5 kwenye ya nje yenye kipenyo 500. Ya ndani peke yake inatoa 112 na kidogo, ya nje inatoa 90, ila zikikaa pamoja zinazidishana, afu unapunguza kwa sababu zipo karibu karibu (moja toa mraba wa uwiano wa vipenyo, hapa inatoka 0.36). Jumla inafika kama 3,800. Metali imeongezeka asilimia 12 tu na kinga imepanda zaidi ya mara 15! Ile hewa ya sentimita tano katikati ya tabaka na tabaka ndo inafanya kazi kubwa, na hewa haina bei. Ukiongeza la tatu la kipenyo 600, hesabu inavuka 80,000.

Nimechora yote ubaoni, bosi akakaa kimya akaangalia, akasema sawa tatu. Kila mita moja ya mraba ya shiti ya milimita 1.5 ina kama kilo 13, kwahiyo na mifuniko tunavuka kilo 80. Ni mzigo, ila meza yao inabeba.

Kuhusu ile 30,000. Katalogi za wauzaji zinaandika upenyezaji wa laki moja, wengine zaidi, na hiyo namba ni ya kweli kabisa ila ni kilele, metali inafika pale ikiwa ndani ya uga wa nguvu fulani. Tabaka la ndani kabisa halioni uga huo, wenzake wa nje wameshaumaliza, lenyewe linafanya kazi kwenye uga dhaifu sana na hapo upenyezaji unarudi kwenye thamani ya mwanzo, elfu ishirini, thelathini. Mtu akinunua ngao kwa kusoma namba ya kilele atapata kitu dhaifu kuliko alicholipia. Mimi kila mteja namwambia uliza upenyezaji kwenye uga dhaifu, omba na grafu yake, muuzaji mzuri anayo.

Mwisho wa Januari, kupima eneo

Tumeenda maabarani kwao na flaksigeti, kipima uga wa sumaku, ya mihimili mitatu, tukaiacha inarekodi usiku na mchana. Chumba kipo ghorofa ya chini, ukuta wa upande wa pili ni lifti. Kila lifti ikipita grafu inapanda ngazi inakaa, ikishuka inarudi, kwa sababu lile kabati na vyuma vyake vya kusawazisha uzito ni chuma kitupu kinachotembea ndani ya uga wa dunia. Upande mwingine maegesho ya magari. Gari likiingia mita chache kutoka dirishani unaliona kwenye grafu kabla hujalisikia.

Hertz 50 za umeme wa ukutani zipo pia, ila hizo sina wasiwasi nazo sana, kwenye masafa hayo mikondo inayozunguka ndani ya metali yenyewe inasaidia kuua uga. Kazi ngumu ni kitu kinachobadilika kwa sekunde kumi au dakika nzima. Hapo mikondo hiyo haisaidii, umebaki na upenyezaji na umbo peke yake.

Hii vita ya sumaku na mji ni ya zamani hapa. Kituo cha Greenwich kilikuwa kinapima uga wa dunia tangu karne ya 19, treni za umeme zilipoanza kuzagaa ikabidi miaka ya 1920 vipimo vihamishiwe Abinger kule Surrey, na treni zikawafuata tena, mwaka 1957 wakahamia Hartland, Devon, mbali kabisa na reli. Wao walikuwa wanataka kuupima uga wa dunia so njia ilikuwa moja tu, kukimbia. Sisi tunataka kuuondoa, tunaweza kukaa mjini.

Uamuzi wa leo: silinda italala mashariki-magharibi. Uga wa dunia una sehemu ya kaskazini na sehemu ya wima, ukiilaza hivyo zote mbili zinaikata silinda kwa ubavu, upande ambao kinga yake ina nguvu. Mhimili ndo upande dhaifu, na silinda ikizidi kuwa ndefu kulinganisha na upana wake udhaifu huo unazidi. Kwa hapa uga unachoma chini ardhini kwa mwinuko mkali. Kule kwetu Tanga tupo kusini ya ikweta ya sumaku, uga unatoka ardhini unaelekea juu, na nguvu yake ni kama maikrotesla 33 tu. Kwa kweli nikiwaza maabara kama hii iwe nyumbani naona karibu theluthi ya kazi dunia imeshatusaidia.

Februari, mapema

Shiti hazijafika bado. Mdogo wangu mmoja anasoma fizikia Mlimani kanitumia ujumbe, "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu, kwani chuma cha kawaida kina shida gani? Si ndo kinanasa sumaku kuliko vyote?" Nikamwambia marahaba mdogo wangu, swali halina usumbufu, kaa nikujibu vizuri.

Chuma kina sifa moja nzuri, kinabeba uga mkubwa sana kabla hakijashiba, kama tesla 2. Myumetali inashiba mapema, karibu 0.8. So ukiwa na sumaku kubwa jirani, tuseme mashine ya MRI, uga wake unaomwagika nje unazuiwa na chuma kinene, na shaba unayosikia imezungushwa kwenye chumba cha MRI ile ni ya mawimbi ya redio, haina habari na uga tulivu. Lakini uga ukiwa dhaifu, chuma kinalala. Upenyezaji wake unashuka kwenye mamia, tena kinashika usumaku wa kudumu, kinageuka chenyewe kuwa chanzo cha uga ndani ya kitu ulichotaka kiwe kitupu. Myumetali ni nikeli karibu asilimia 80, inayobaki nyingi ni chuma, pamoja na molibdenamu kidogo, au shaba na kromiamu kutegemea resipi. Kwa mchanganyiko huo umbo la fuwele linakuwa halina upande linalopendelea sana kusumakika, na metali hairefuki wala kufupika ikisumakika, ndomana usumaku wake unageuka kwa nguvu ndogo mno.

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba hii metali haikutengenezwa kwa ajili ya ngao. Willoughby Smith na Henry Garnett waliitoa mwaka 1923 London, kwenye kampuni ya nyaya za telegrafu za baharini. Waya mrefu chini ya bahari unazichanganya herufi, ukiuzungushia utepe wa metali hii herufi zinafika safi na unaweza kutuma kwa kasi. Nyaya zilifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, hizo zilikuwa za kale, shaba iliyofunikwa kwa gutapecha (utomvu kama mpira), hakuna utepe wa metali hii, na bado biashara yote ya pwani ikabadilika.

Akauliza nikeli yenyewe inatoka wapi. Nikamwambia kwa sasa sehemu nyingi, ila tuna Kabanga pale Ngara, moja ya hazina kubwa za nikeli ya daraja la juu duniani ambazo hazijaanza kuchimbwa, na Burundi wana Musongati. Wote wanaizungumzia nikeli kwa betri za magari. Naomba siku moja kuna mtu wetu ataizungumzia kwa ngao, kwa sababu kilo moja ya nikeli iliyogeuzwa kuwa myumetali ikakunjwa, ikaokwa na kupimwa, inauzwa kwa bei isiyofanana kabisa na ya kilo ya madini ghafi, na tofauti yote hapo ni ujuzi wa watu.

Februari, shiti zimefika

Wamekata, wamekunja, wamechomelea kwa argoni. Waya wa kuchomelea ni wa mchanganyiko uleule, ukitumia mwingine unaweka ukuta katikati ya njia. Kukunja kumeharibu metali yote, hilo linajulikana na halitishi, tanuru litarudisha. Ningepima sasa ningepata silinda isiyo na thamani. Tofauti ya kabla na baada ya kuoka inaweza kufika mara 40 kwa upenyezaji, metali ileile, umbo lilelile.

Machi, tanuru

Nimekaa na mzee wetu wa tanuru tangu asubuhi. Huyu mzee ameoka myumetali kabla mimi sijamaliza sekondari, na kila nikikaa naye natoka na kitu.

Kwanza usafi. Kila kipande kinaoshwa mafuta yote, mnavaa glavu, alama ya kidole ni mafuta na mafuta ni kaboni na salfa, na hivyo viwili ndo maadui wakubwa, vinakaa kwenye mipaka ya chembe za metali vinabana kuta za usumaku, yani mipaka ya vieneo vidogo vya usumaku ndani ya metali, zisitembee. Afu vipande vinatenganishwa kwa unga wa alumina, kwenye joto hilo metali mbili zilizogusana zinashikana moja kwa moja. Ndani ya silinda zinawekwa pete za kuzuia isilale, kwa nyuzi 1,150 myumetali inakuwa laini na uzito wake wenyewe unatosha kuibonyeza.

Tanuru linafukuzwa hewa kwa naitrojeni mpaka mita ya oksijeni iseme sawa, ndipo haidrojeni iingie. Hapa hamna kukimbia, haidrojeni ikikutana na hewa kwenye joto ni mlipuko. Haidrojeni lazima iwe kavu sana. Kazi yake ni kuinyonya kaboni, salfa na oksijeni kutoka ndani ya metali masaa kadhaa huku chembe zinakua kubwa, unaweza kuziona kwa macho baadaye, zimeng'aa kama vigae vidogo. Kisha kupoza, na hapa ndo watu wanaharibu kazi. Kati ya nyuzi 600 na 400 hivi atomi za nikeli na chuma zinajipanga, ukipoza taratibu sana zinajipanga kupita kiasi, ukipoza haraka sana hazipati nafasi, na upenyezaji unategemea kupita pale kwa mwendo unaofaa resipi ya bechi ile. Mzee ana daftari lake la kila bechi. Daftari hilo kwangu ni mali ya kiwanda kuliko mashine ya kukunjia.

Kila uokaji tunaweka na pete ndogo za majaribio kutoka kwenye shiti ileile. Zikitoka tunazizungushia waya tunapima upenyezaji wake. Za safari hii zimetoka nzuri, kwenye uga dhaifu zimevuka 30,000 kwa raha. Ina maana metali imeiva, chochote kitakachotokea huko mbele tusilisingizie tanuru.

Kuanzia sasa silinda hazigongwi, hazidondoshwi, hazibanwi. Nimebandika karatasi kila kona ya karakana. Pigo moja la nyundo linarudisha mkazo ndani ya fuwele na hauondoki mpaka uoke tena.

Machi mwishoni, kipimo cha kwanza

Tumeunganisha. Nimezunguka silinda kwa koili kubwa, natoa uga wa maikrotesla 10 unaopanda na kushuka polepole, sekunde kumi kwa mzunguko mmoja, na ndani kuna sensa ya mteja yenyewe kwa sababu flaksigeti haitoshi. Maikrotesla 10 ukiigawanya kwa 80,000 unabaki na pikotesla 125 tu.

Ubavuni, safi, tupo karibu na hesabu. Mhimili, hapana. Tumepata chini kabisa ya kile simulesheni ilichosema, hata lengo la mteja hatujaligusa.

Nimependa sana namna hili linavyojieleza lenyewe. Ubavu ukiwa mzima, metali ni nzima, maana metali ni ileile. Uga wa ubavuni unazunguka ukuta wa silinda bila kuvuka kiungo chochote. Uga wa mhimili unaingia kwa mfuniko mmoja, lazima uruke kutoka mfuniko kwenda ukutani, usafiri urefu wote, uruke tena kwenda mfuniko wa pili. Kwahiyo ni kiungo.

Kabla ya kwenda huko tumeondoa mengine. Bolti zote nimezipitishia flaksigeti moja moja. Zilizoandikwa chuma kisichoshika kutu wengi wanadhani hakina sumaku, na kikiwa shiti ni kweli, ila bolti imefinyangwa baridi na ufinyanzi huo unageuza sehemu ya fuwele zake kuwa za kusumakika. Kadhaa zilisoma. Zote nje, tumeweka za shaba nyeupe na nailoni. Mabaki yakashuka, ila kinga ya mhimili haikusogea hata kidogo.

Aprili, kiungo

Nimeshinda na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mapengo, nazunguka kila mfuniko. Silinda ya kati imelala kidogo kule tanuruni, imekuwa na uyai wa kama milimita moja, na mfuniko ni duara kamili, so kuna sehemu pengo linafika nusu milimita. Mdomo wa mfuniko unaopandana na ukuta ni milimita 15, mchoro huo umetoka kwenye bidhaa ya zamani ya kiwanda ambayo wateja wake walikuwa hawajali mhimili.

Sasa angalia hesabu hii, mimi naipenda kuliko zote. Pengo la hewa la milimita 0.5, kwa sumaku, ni sawa na kusafiri ndani ya metali umbali huo mara upenyezaji. Nusu milimita mara 30,000 ni mita 15. Mita kumi na tano za myumetali kwenye kitu chenye urefu wa mita moja! Kinachotuokoa ni kupandana, uga unavuka kwenye eneo la milimita 15 wakati ukuta una unene wa 1.5, eneo ni mara kumi, so gharama inashuka mpaka mita 1.5. Bado kiungo kimoja ni kirefu kuliko silinda nzima, na kila tabaka lina viwili.

Tukirefusha mdomo mpaka milimita 40 na pengo tukalishusha mpaka 0.1, inakuwa mita 3 gawanya kwa 26 na ushee, kama sentimita 11. Hiyo inavumilika. Na ukirudi nyuma unaona kitu ambacho michoro mingi ya ngao haikionyeshi kabisa, mtu anaandika unene wa shiti, daraja la metali, kipenyo, afu mfuniko anauchora kama sufuria ya jikoni tu. Kwa mhimili mfuniko ndo ngao yenyewe.

Kuna aliyependekeza tubane mifuniko kwa mikanda ya kukaza mpaka pengo lifunge. Nimekataa na nimeandika sababu kwenye ripoti, ukikaza hivyo unaubonyeza ukuta uliookwa, unafunga pengo unaua metali. Tunatengeneza mifuniko mipya ya milimita 40 inayofuata umbo halisi la kila silinda, tumechukua vipimo kwa skana, na inaokwa upya huku pete za kuzuia zimeongezwa. Mzee wa tanuru kasema pete za awali zilikuwa zinatosha kwa milimita 400, kwa 500 na 600 ziwe tatu kila moja. Imeingia kwenye daftari.

Mei, kuondoa usumaku

Mifuniko mipya imekaa, fila geji ya 0.1 inapita kwa shida sehemu chache, kwingine haipiti kabisa. Kinga ya mhimili imepanda mara kadhaa, imevuka lengo la mteja na bado kuna nafasi. Karakana nzima wamekuja kuangalia grafu, nimefurahi sana kuona na wachomeleaji wamekuja, kiungo hiki ni kazi ya mikono yao.

Imebaki mabaki. Hivi ni vitu viwili tofauti na wateja wanavichanganya, kinga inasema uga wa nje unapunguzwa mara ngapi, mabaki ni uga unaotoka kwenye ngao yenyewe kwa sababu imeshika usumaku wake njiani. Unaweza ukawa na kinga ya laki moja na ndani ukakuta nanotesla 30.

Dawa yake, waya unapita katikati ya silinda unarudi kwa nje, mizunguko kadhaa, unapitisha mkondo wa hertz 10 hivi wenye nguvu ya kuishibisha metali, afu unaushusha taratibu kidogo kidogo mpaka sifuri. Metali inapelekwa huku na huku kwa hatua zinazopungua mpaka inasahau. Masafa yawe chini ili uga uingie unene wote, kwa hertz 50 mikondo ya ndani inaukinga moyo wa shiti. Amplifaya isiwe na mkondo wowote wa upande mmoja uliojificha, hata mdogo, ukiwepo unamalizia metali ikiwa imeegemea upande huo. Tumeweka transfoma katikati ili kuukata. Tunaanza tabaka la nje tunaingia ndani, mifuniko ikiwa imefungwa.

Kupima mabaki madogo hivi flaksigeti nayo ina sifuri yake ya uongo ya nanotesla kadhaa. Unaisoma, unaigeuza nyuzi 180 ndani ya silinda, unasoma tena, nusu ya tofauti ndo uga wa kweli. Tupo chini ya nanotesla 1 katikati, na karibu na mifuniko inapanda kidogo kama inavyotegemewa.

Juni, kukabidhi

Usafiri ndo ulikuwa unaninyima usingizi, so kreti ina povu nene na vihisi vya mshtuko vinavyobadilika rangi ikidondoka. Kimoja kimefika kimebadilika rangi. Kampuni ya usafirishaji wanasema hakuna kilichoanguka. Tumefungua, tumepima kila tabaka kwa koili papo hapo kabla ya kusaini chochote, na kwa bahati ni kreti ya vitako iliyopigwa, silinda zenyewe ni nzima, kinga ileile tuliyoondoka nayo.

Tumeilaza mashariki-magharibi kama tulivyopanga, tumeondoa usumaku pale pale mahali pake, kwa sababu kuihamisha tu ndani ya uga wa dunia kunatosha kuleta mabaki mapya. Lifti ikapanda, ikashuka, kwenye skrini ya sensa hamna ngazi tena. Wale watafiti wawili wa pale wameanza kazi mchana uleule, wameingiza sensa nne kwa pamoja.

Nimewaachia maelekezo kwenye ukurasa mmoja. Mifuniko ikifunguliwa, kuondoa usumaku kunarudiwa. Hakuna drili wala spana ya chuma ndani ya mita mbili ikiwa wazi. Nyaya zipite kwenye bomba la myumetali ambalo urefu wake haupungui kipenyo cha tundu, wasitoboe tundu jipya popote bila kutuuliza.

Mchoro wa mfuniko wa milimita 40 sasa ndo wa kawaida kiwandani, ule wa 15 umeondolewa kwenye mafaili. Na wamenipa oda ya pili, wanataka nyingine yenye nafasi ya kuingiza kichwa cha mtoto, upande mmoja wazi. Hapo kipenyo kinakua na kinga inashuka nacho, na mfuniko mmoja haupo kabisa, so mhimili itabidi tuupiganie kwa koili za umeme zinazofuta uga unaoingia. Jumatatu naanza hesabu.